Mungazi Hauhitaji Shimo, Unahitaji Tuta

Upande wetu wa Beni, mashariki mwa Kongo, kuna hukumu iliyokwisha kutolewa na hakuna anayeikatia rufaa: ardhi yenye mawe si ya mingazi, yaani michikichi. Utaisikia Mavivi, utaisikia Mbau, utaisikia Oicha kutoka kwa wauza mawese sokoni. Mzee akionyeshwa kiwanja ambacho jembe linagonga changarawe nyekundu kwa pigo la pili, anatikisa kichwa na kusema hapo ni pa mbuzi, au pa kutoa mawe ya msingi wa nyumba. Agronomu akiitwa, anathibitisha kwa lugha ya shule kwamba kina cha udongo hakitoshi. Na yule anayeshikilia kupanda hapo hapo hupewa shauri moja tu: atafute mtaimbo, avunje mwamba, achimbe shimo kubwa, alijaze mboji, ndipo aweke mche.

Naipinga hukumu hiyo, na shauri linaloifuata nalipinga zaidi. Hukumu imetokana na kutoujua mti wenyewe. Shauri linaua miche, kisha vifo vya miche hiyo vinaletwa mbele yetu kuwa ushahidi kwamba hukumu ilikuwa sahihi. Tumezunguka ndani ya kosa hili muda mrefu, na watu wanaolipia ni wale wasio na ardhi nyingine ya kuchagua.

Tuanze na mti. Mwembe hushusha mzizi mmoja mkuu unaotafuta kina. Mungazi hauna mzizi wa namna hiyo. Uko katika kundi moja na mahindi, mianzi na minazi: kwenye kitako cha shina hutoka mizizi mingi sana, iliyolingana unene, nayo husambaa pande zote. Kutoka kwenye hiyo huchipuka mizizi ya daraja la pili, kisha la tatu, kisha la nne, na ni ile myembamba ya mwisho inayonyonya maji na chakula. Sehemu kubwa ya mizizi hiyo inayoulisha mti hukaa katika sentimita 30 za juu za udongo. Mizizi minene ya upande hutembea mita nyingi kutoka kwenye shina, na palipo na rundo la majani yanayooza, mizizi midogo hupanda juu kulifuata. Aliyewahi kuinua rundo la matawi makuukuu kati ya safu za mingazi amekuta chini yake wavu mweupe wa mizizi uliojisuka ndani ya uozo. Mti wenye tabia hiyo unakula karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo tunachopaswa kuuliza kwanza ni tumeuwekea nini juu, kabla ya kulalamikia kilichoko chini.

Sisemi kwamba kina hakina kazi yoyote. Udongo wenye kina huweka akiba ya maji ya miezi mikavu na huushika mti usiegemee. Hayo ni mahitaji mawili ya kweli, na nitayarudia. Lakini mahitaji mawili yanayoweza kutimizwa kwa njia nyingine hayatoshi kuifungia ardhi nzima.

Sasa shimo. Katika udongo mwekundu wenye kina, shimo la sentimita 60 kila upande ni jambo jema: linalegeza udongo, na maji yanayoingia yanapita kwenda chini. Ukilichimba shimo lile lile ndani ya mwamba au ndani ya changarawe iliyoshikana, umetengeneza beseni. Kuta zake hazipitishi maji, sakafu yake haipitishi maji. Mvua za Septemba hadi Novemba zikianza, shimo linajaa na kubaki limejaa, na mizizi michanga ambayo ilipaswa kupumua inakaa ndani ya tope. Huo ni mwanzo tu. Mboji iliyojazwa shimoni inaendelea kuoza, na kitu kinachooza hupungua. Mwezi baada ya mwezi ujazo unashuka, na mche unashuka pamoja nao, hata kitako chake kinakuwa chini ya uso wa ardhi inayouzunguka. Mungazi una sehemu moja tu ya kukulia, ule moyo ulioko katikati ya majani. Hauna chipukizi la ubavuni la kuokoa maisha. Tope likiufunika moyo, mche umekwisha. Miche inayoponea hapo huendelea hadi mizizi ifike kwenye ukuta wa shimo, kisha inaanza kuzunguka ndani yake, majani yanageuka manjano, mashada yanatoka madogo, na jirani anapita njiani akisema jiwe limeukataa mti. Jiwe halikukataa kitu. Mti ulifungiwa shimoni.

Kinachoniuma zaidi ni nguvu inayopotea. Kijana anayeshinda siku nzima akipiga mtaimbo kwenye mwamba ili apate shimo moja, angeitumia siku ile ile kukusanya udongo na kuupandisha juu ya mwamba. Jasho ni lile lile. Moja linatengeneza kaburi la mche, jingine linatengeneza mahali pa mizizi.

Nieleze tuta ninalolitetea, maana wengi wakisikia neno hilo wanafikiria tuta la viazi. Unachagua mahali ambapo udongo upo hata kama ni kidogo, unaondoa mawe yaliyolegea, na mawe hayo hayo unayapanga kwa duara kuwa ukuta mkavu, bila saruji, ili maji ya ziada yapenye katikati ya mawe. Kabla ya kujaza, unaikwaruza sakafu kwa mtaimbo palipo na nyufa, kusudi mizizi ipate njia ya kuingia. Usiivunje, fungua nyufa tu. Kisha unajaza udongo wa juu uliokusanywa kutoka kati ya mawe, kwenye mitaro, kwenye njia za maji ambako mvua hulundika, ukiuchanganya na samadi iliyoiva na majani. Uweke udongo mwingi na mboji kidogo, kwa sababu niliyoieleza: mboji hushuka. Mche unapandwa juu kidogo kuliko unavyofikiri unafaa, kwa kuwa udongo wa tuta nao utatulia.

Duara lililokamilika lina upana wa mita mbili na nusu na kimo cha nusu mita. Hesabu yake ni karibu mita za ujazo mbili na nusu, yaani matoroli 40 hivi ya lita 60. Najua mtu akisikia matoroli 40 kwa mti mmoja anafunga mazungumzo. Lakini mche wa mwaka wa kwanza hauhitaji duara la mti mzima. Duara la mita moja na nusu kwa upana na sentimita 40 kwa kimo linachukua matoroli 12 tu, na mche utakaa humo vizuri huku ukuta ukisogezwa nje kila mwaka kadiri mti unavyopanuka. Udongo mpya unaowekwa kwenye kitako huvuta mizizi mipya kutoka kwenye shina; mungazi unaweza kufanya hivyo maisha yake yote, na miti mingi yenye mzizi mkuu haiwezi. Kampuni inayopanda miti 143 kwa hektari, mita 9 kati ya mti na mti, ingeishia kwenye hesabu ya kutisha. Mama mwenye miti 20 pembeni mwa nyumba hayumo katika hesabu hiyo. Kazi ya miti 20 ni ya kikundi cha likilimba cha watu wachache, wakizunguka kwa zamu leo kwa huyu na kesho kwa yule, jinsi wanavyolimiana maharage sasa.

Wapinzani wana hoja yenye uzito kuliko hiyo ya kazi. Wanasema udongo ulioinuliwa hukauka haraka. Ni kweli, na nisingemwamini mtu yeyote anayetetea matuta akiikana. Udongo uliolegea, uliozungukwa na hewa, hupoteza maji kabla ya udongo ulioko tambarare. Lakini tuiweke hoja mahali pake. Mavivi iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Mvua zetu zina misimu miwili kwa mwaka, na vipindi vya kupungua, Januari na Februari, kisha Juni na Julai, ni vifupi ukilinganisha na miezi mitano au sita ya ukavu inayowakuta wakulima wa nchi nyingine. Tena anayelinganisha tuta na udongo wenye kina analinganisha na kitu ambacho mwenye kiwanja cha mawe hana. Kilichopo mbele yake ni sentimita 20 za udongo juu ya changarawe. Akiongeza nusu mita, ana sentimita 70. Akiba ya maji imeongezeka zaidi ya mara tatu pale mti ulipo, hata ukiikata kwa ajili ya upepo na jua.

Na ukavu unazuilika. Uso wa tuta usiachwe wazi hata wiki moja. Matawi yaliyokatwa yanalazwa juu yake, na mashada matupu baada ya ngazi, matunda ya mungazi, kutolewa yanarudishwa pale pale badala ya kutupwa karibu na kinu kuoza bure. Mawe bapa nayo yana kazi: yakilazwa juu ya udongo huzuia jua na chini yake hubaki unyevunyevu, jambo ambalo kila mtoto aliyetafuta minyoo ya kuvulia samaki analijua. Kwenye mteremko tuta linafanywa nusu duara lililofunguka upande wa juu, ili maji yanayokimbia juu ya mwamba yaingie na kukaa, badala ya kwenda barabarani na kuchukua udongo wa watu. Hapo mwamba unageuka kuwa msaada, kwa sababu maji yasiyozama ndani yake yote yanateremka kwenye tuta.

Mashada hayo matupu yana jambo jingine. Majivu yake ndiyo yaliyotumika tangu zamani kutengenezea sabuni ya kienyeji, kwa sababu yamejaa potasiamu, na potasiamu ndiyo mungazi unayoitaka kuliko karibu kila kirutubisho kingine unapoanza kubeba. Tuta husafishwa na mvua, virutubisho vinashuka, hilo nalo ni kweli. Basi mkulima arudishe majivu, kidogo kidogo, mbali kidogo na shina. Mkulima anayechoma mashada na kuyatupa majivu shimoni, kisha akanunua mfuko wa mbolea Beni mjini, amelipa mara mbili.

Kuhusu hitaji la pili, kuushika mti dhidi ya upepo, jibu liko katika upana. Mti huangushwa na tuta refu na jembamba. Tuta pana, lenye ukuta wa mawe unaobana kitako, na lenye nyufa zilizofunguliwa chini yake, linaushika. Mawe yale yale tunayoyalaumu ndiyo uzito unaoutuliza mti.

Kama mtu anadhani haya ni mawazo ya kubuniwa juu ya karatasi, aangalie watu wengine wanaozungumza Kiswahili au waliofungamana nasi kwa karne nyingi wanavyofanya. Oman, katika vijiji vya milimani kama Misfat al-Abriyeen, mitende imesimama kwenye ngazi za mawe zilizojengwa juu ya majabali, ndani ya udongo ambao binadamu waliubeba na kuuzungushia kuta. Maji yanafika kwa mifereji ya falaj, na mitano kati ya mifereji hiyo ya nchi iliandikwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nchi ile haina mvua ya kulinganisha na yetu. Mababu zao wangeisikiliza hukumu ya Mavivi, wasingekula tende. Unguja nayo, upande wa mashariki na kusini, ardhi ya maweni ni jiwe la matumbawe lenye vifuko vya udongo hapa na pale, na watu wamelima na kupanda katika vifuko hivyo vizazi kwa vizazi, wakifuata udongo ulipo na kuuongeza. Hakuna aliyewaambia wangoje udongo mwingine uje.

Lazima niweke mpaka, kwa sababu hoja isiyo na mpaka humdanganya masikini. Bamba la mwamba lisilo na ufa hata mmoja, lisilo na udongo wowote karibu wa kukusanya, si mahali pa mungazi, na matuta hayatalibadilisha. Changarawe nyekundu, mawe yaliyovunjikavunjika, mwamba wenye nyufa, udongo mfupi juu ya tabaka gumu: hayo ndiyo ninayoyazungumzia, na hayo ndiyo mengi kwenye viwanja tunavyovidharau.

Mtu atauliza kwa nini nang'ang'ana na mawe wakati Beni ina udongo mzuri wa msitu. Hapo ndipo hoja yangu ilipo hasa. Udongo mzuri uko wapi, na nani anaweza kuufikia? Tangu Oktoba 2014, mauaji yaliyoanza Ngadi, Oicha, Mbau na Eringeti yamewatoa watu kwenye mashamba yao ya ndani. Barabara ya Mbau hadi Kamango inapita katikati ya ardhi yenye rutuba ambayo wengi wameiaga. Mwaka 2021 ulileta hali ya kuzingirwa, yaani mkoa kutawaliwa na jeshi, mwezi Mei na operesheni ya pamoja ya majeshi ya Kongo na Uganda mwezi Novemba, na bado mama anahesabu kama safari ya shambani ina thamani ya kichwa chake. Waliokimbia wamejipanga kando ya lami na pembeni mwa miji, kwenye vipande vya ardhi vilivyobaki. Vilibaki kwa sababu vina mawe.

Kumwambia mtu huyo kwamba ardhi ya mawe haifai ni kumsukuma kwenye mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kurudi porini kabla ya usalama. Ya pili ni kuingia ardhi ya hifadhi. Mayangose tumeiona: wakulima na walinzi wa Virunga wanavutana juu ya mpaka wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, na kila mwaka anayepoteza ni mwenye jembe. Agronomu anaposema kina hakitoshi, anadhani ametoa maelezo ya udongo. Ametoa maelekezo ya safari, na safari hiyo ina damu.

Wengine wanasema basi apande kakao, ndiyo yenye bei. Kakao imewainua wengi hapa baada ya ugonjwa wa kunyauka kuimaliza kahawa ya robusta, na siidharau hata kidogo. Lakini kakao ina mzizi mkuu, nayo ndiyo inayoteseka kweli kweli kwenye udongo mfupi. Tena kakao inauzwa kwa bei inayopangwa mbali, na hailiwi. Mawese yanaingia kwenye mboga ya sombe leo jioni, na bido moja ya mafuta inauzika katika soko lolote kati ya hapa na Butembo, huko juu ambako baridi haikubali mungazi na watu wanahitaji mafuta yetu.

Baridi yenyewe ndiyo hoja ya mwisho ya wapinzani, na ndiyo bora kuliko zote. Mungazi ni mti wa nchi ya chini na joto. Mavivi iko juu kidogo ya mita 1,000. Mti wetu hukua polepole kuliko wa Kisangani na huchelewa kuzaa. Nakubali. Lakini hilo ni swali la mbegu, halimo katika mawe. Kule Costa Rica wazalishaji wa mbegu walichanganya mingazi ya Kigoma na ya Bamenda, Kamerun, na aina nyingine kutoka Ekona, ili kupata miti inayovumilia baridi ya nyanda za juu, na mbegu hizo zimepandwa magharibi mwa Kenya. Damu ya Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, inakwenda Amerika na kurudi Afrika huku sisi tukiokota mbegu chini ya mti wa jirani.

Kuokota huko kuna hasara inayojulikana katika nchi hii hii tangu 1941, mwaka ambao Beirnaert na Vanderweyen walichapisha matokeo ya kituo cha utafiti cha Yangambi. Walionyesha kwamba tenera, ule mungazi wenye gamba jembamba na nyama nyingi, ni mtoto wa dura na pisifera. Ukipanda mbegu ya tenera iliyochavushwa na tenera nyingine, robo ya watoto wanarudi kuwa dura wa gamba nene, na robo nyingine ni pisifera, ambao wengi wao hawakomazi mashada. Mtu aliyebeba matoroli 12 kwa kila mti hastahili kupoteza robo ya kazi yake kwa sababu ya mbegu ya bure. Vituo vya utafiti na vitivo vya kilimo vya Butembo na Beni vikitaka kumsaidia, viache kumpimia kina na vimletee miche ya mchanganyiko uliothibitishwa.

Limebaki la umiliki, na hili najua ndilo linalowazuia wengi kuliko jiwe lenyewe. Anayekodi shamba hapa haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti unahesabiwa kuwa alama ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi anaogopa mpangaji asije akadai kiwanja kwa mashahidi wa mingazi. Hofu hiyo ina sababu. Lakini mwenye ardhi huyo huyo hapati chochote kutoka kwenye kona yake ya changarawe. Hapo ndipo anapoweza kukubali ambalo hangelikubali kwenye shamba lake la maharage: mkataba wa maandishi mbele ya chefu wa lokalite, unaotaja miaka, unaotaja mashada yatagawanywa vipi mti ukianza kuzaa, na unaotaja mpangaji atalipwa nini siku ya kuondoka. Kipengele hicho cha malipo ndicho cha kugombaniwa kwanza, kabla hata ya mgao wa ngazi, kwa sababu udongo uliopandishwa juu ya mawe haukuwapo mpangaji alipofika, na mwenye ardhi atakayebaki nao atakuwa na shamba mahali ambapo alikuwa na changarawe tu.